Wiltshire kwa gari: anzia Avebury, Stonehenge iwe ya mwisho

Wengi wanaokwenda kuona mawe ya kale kusini mwa Uingereza hupanda basi la watalii London asubuhi, hushushwa Stonehenge, huzunguka kamba kwa saa moja, hupiga picha na kurudi. Jioni wakiulizwa wameona nini, wanasema mawe. Si kosa lao. Ukiiona Stonehenge ikiwa ya kwanza na ya pekee, huna cha kuilinganisha nayo. Hujui jiwe lilikuwaje kabla ya kuguswa na fundi, basi hata kazi aliyoifanya huioni.

Dawa ni kuigeuza safari. Chukua gari, ingia jimbo la Wiltshire kwa upande wa kaskazini, ulione jiwe likiwa bado limelala shambani. Kisha nenda Avebury, ambako limesimamishwa bila kuchongwa. Kesho yake shuka Stonehenge, ambako jiwe la aina ileile limechongwa na kufungwa kwa viungo vya seremala. Siku mbili zinatosha, ukilala usiku mmoja Marlborough au Devizes. Kati ya Avebury na Stonehenge ni kama kilomita 40 tu.

Gari, ramani, viatu

Kwa anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda, Waingereza nao wanaendesha kushoto, na kwenye kipilefti unampisha anayetoka kulia kwako. Mgeni anaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa leseni halali ya kwao kwa muda usiozidi miezi 12. Kampuni za kukodisha zina masharti yao juu ya hapo: nyingi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva kwa ajili ya dhamana, na kadi ya kawaida ya akaunti huenda ikakataliwa pale kaunta. Magari ya bei nafuu mara nyingi ni ya gia za mkono, kwa hiyo kama umezoea otomatiki sema wakati wa kuweka oda. Kituo cha mafuta, mpini wa kijani ni petroli na mweusi ni dizeli. Ukikosea, usiwashe injini kabisa. Gari lililotiwa mafuta yasiyo yake likiwa bado halijawashwa, kazi ni kuyanyonya tu.

Omba gari dogo. Vichochoro vya mashambani vina upana wa gari moja, ukuta wa vichaka kila upande, na hapa na pale sehemu iliyopanuliwa ya kupishana. Mkikutana uso kwa uso, aliye karibu na sehemu hiyo ndiye anayerudi nyuma. Usiegeshe hapo hata kwa dakika tano, wala mbele ya geti la shamba, maana trekta hupita saa yoyote. Vibao vinahesabu maili: 60 ni kama kilomita 96 kwa saa, nayo ni kasi ya juu inayoruhusiwa kisheria kwa gari dogo kwenye barabara isiyogawanywa katikati. Kwenye kona za kule ukienda nusu ya hapo umejitahidi.

Usitegemee msimbo wa posta peke yake. Mjini msimbo mmoja ni nyumba chache, lakini mashambani unaweza kufunika eneo zima la mashamba, na simu ikakupeleka nyuma ya zizi la mtu. Nunua au pakua ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, za kipimo cha 1:25,000. Explorer 157 inafunika upande wa Avebury na Marlborough, Explorer 130 inafunika Stonehenge na Salisbury. Njia za miguu za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani, na mabaki ya kale yasiyo ya Kirumi yameandikwa kwa herufi za mtindo wa zamani zenye kona kali. Ukishaijua siri hiyo, ramani inageuka orodha ya mambo ambayo hakuna basi la watalii linayasimamia: makaburi ya matuta, mitaro, mawe ya pekee kando ya njia.

Ardhi ya huku ni chaki. Ikikauka unatembea kama sebuleni, ikilowa inateleza kama sabuni. Buti zenye meno chini ni lazima kuanzia Oktoba hadi Aprili, na gambuti hazimchekeshi mtu. Beba tochi halisi, si ya simu, kwa ajili ya makaburi. Desemba jua linazama mnamo saa kumi jioni, Juni hadi saa tatu na nusu usiku bado kuna mwanga. Ukiweza kuchagua, nenda Mei au Septemba: siku ndefu, watu wachache kuliko Julai na Agosti, na jua la pembeni asubuhi na jioni. Mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha makovu ya jiwe; saa sita mchana uso wote unakuwa bapa.

Jiwe likiwa bado limelala

Kutoka London shika barabara ya M4 kuelekea magharibi, toka kwenye makutano namba 14 au 15, uingie Marlborough. Jaza mafuta na ununue chakula hapo. Kisha fuata A4 kuelekea magharibi, na ukipita kijiji cha Fyfield kata kushoto kwenda Lockeridge. Ukingoni mwa kijiji pana bonde dogo liitwalo Lockeridge Dene, mali ya National Trust, shirika la kuhifadhi mandhari na majengo ya kale. Hakuna tiketi, hakuna geti la kulipia. Mawe ya kijivu yametapakaa kwenye nyasi, na kwa mbali ungeapa ni kondoo wamelala.

Hili ndilo jiwe linaloitwa saseni: mchanga wa mamilioni ya miaka uliogandishwa na madini ya silika mpaka ukawa mgumu kupita mawe mengi ya ujenzi. Chuchumaa uliangalie vizuri. Utaona matundu ya mviringo, mengine yanaingia kidole, yanayopenya ndani au hata kutokea upande wa pili. Hayo hayakutobolewa na mtu. Ni mahali ilipopita mizizi ya mimea mchanga ulipokuwa bado laini. Papasa kwa kiganja: pale pasipoguswa na mtu pana ngozi ya mabonde na vilima vidogo. Ukariri uso huo, utauhitaji kesho.

Upande wa kusini kidogo kuna msitu wa West Woods. Mwaka 2020 watafiti walilinganisha kemia ya saseni za Stonehenge na za maeneo mbalimbali ya kusini mwa Uingereza, na kati ya mawe 52 yaliyobaki, 50 yalionekana kuwa ya asili moja inayolingana na West Woods. Kilichowezesha jibu hilo ni kipande chembamba cha jiwe, chenye urefu wa zaidi ya mita moja. Mwaka 1958, mafundi waliokuwa wakiyarudisha mahali pake mawe yaliyoanguka walikuta moja lina ufa, wakalitoboa ili wapitishe vyuma vya kulibana. Robert Phillips, aliyekuwa kwenye kazi hiyo, aliondoka na kipande kimoja kilichotoka kwenye tundu, akakitundika ukutani miongo kadhaa, akakirudisha mwaka 2018. Kwa sheria za leo pale hakuna anayeruhusiwa kumega hata punje, kwa hiyo bila kumbukumbu hiyo ya ukutani mwake huenda tungekuwa bado tunakisia.

West Kennet na Silbury

Rudi A4, endelea magharibi. Juu ya Overton Hill, upande wa kushoto, kuna The Sanctuary, ambapo vizibo vya zege vinaonyesha mahali palipokuwa na nguzo za miti na mawe. Dakika kumi zinatosha, ila ndiyo njia ya mawe iliyotoka Avebury ilikoishia, na ng'ambo ya barabara inaanza njia ya kale ya miguu ya Ridgeway.

Mbele kidogo kuna egesho la kando ya barabara lenye kibao cha West Kennet Long Barrow. Ni dogo, linajaa mapema wikendi, na usiache kitu chochote kinachoonekana kwenye kiti. Kutoka hapo ni kama mita 800 kwa miguu: unavuka mto Kennet, unapanda mteremko kati ya mashamba. Majira ya baridi mto hufurika njiani, na hapo ndipo wenye raba hugeukia.

Kaburi hili lilijengwa karibu mwaka 3650 KK, yaani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya saseni za Stonehenge kusimamishwa. Tuta lake lina urefu wa kama mita 100, lakini sehemu unayoingia ni ncha ya mashariki tu: ukumbi mwembamba wenye vyumba vitano, ambamo ilikutwa mifupa ya watu wasiopungua 36. Mlango umezibwa na mawe makubwa yaliyosimamishwa baadaye, kwa hiyo unapita nyuma yake kwa ubavu. Zima tochi kwa dakika moja macho yazoee, kisha uiwashe ukiilaza sambamba na uso wa mawe. Tafuta sehemu zilizong'aa na kuingia ndani kidogo. Hapo watu walinoa mashoka ya mawe kabla kaburi halijajengwa au wakati linajengwa. Jiwe lenye mifereji mirefu ya kunolea na bakuli lake liko wazi kwenye nyanda za juu mashariki ya Avebury, kama kilomita 3 kwa miguu. Anayependa kazi ya mikono asiikose safari hiyo ya ziada.

Usiwashe mishumaa humo ndani. Kuna wanaoiacha kwa ibada zao, na moto ukikaa chini ya jiwe unaacha masizi na kulipasua kwa joto. Kuingia ni bure, saa zote.

Ng'ambo ya bonde utakuwa umekwisha kuuona mlima wa Silbury, ambao si mlima. Ni kifusi cha chaki kilichorundikwa na watu karibu mwaka 2400 KK, kama tani nusu milioni, wakichimba kwa pembe za kulungu. Ndani yake hapajapatikana kaburi. Kuupanda kumekatazwa, na sababu si ukali wa wenye mali: mwaka 1776 walichimba shimo kutoka kileleni, mwaka 1849 na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakachimba mahandaki kutoka pembeni, na hawakuyajaza ipasavyo. Mwaka 2000 kilele kikafunguka tundu. Ilibidi kazi kubwa ya kujaza chaki mwaka 2007 na 2008. Utazame ukiwa kwenye egesho lake la kando ya A4, au bora zaidi kutoka juu ya kaburi la West Kennet.

Avebury

Kwenye kipilefti cha Beckhampton kata kulia kuingia A4361. Egesho la National Trust liko upande wa kusini wa kijiji, la kulipia, bure kwa wanachama wa National Trust na wa English Heritage, shirika linalotunza Stonehenge. Usijaribu kuegesha kijijini. Choo kipo kijijini, na kwa kuwa vituo vyote vya A4 havina, kitumie.

Kuingia kwenye duara lenyewe ni bure, na unaruhusiwa kuyagusa mawe. Duara la nje lilikuwa na mawe kama 100, upana wake unazidi mita 330, na ndani yake mna kijiji, kanisa likiwa nje kidogo, baa, na barabara kuu inayolikata katikati. Barabara hiyo ndiyo hatari ya hapa. Malori hupita kwa kasi, kona hazionyeshi, na wageni wanaorudi nyuma kupiga picha hujikuta kwenye lami.

Zunguka kama mshale wa saa, ukianzia robo ya kusini-magharibi. Mawe mengi unayoyaona yamesimama hapo yaliinuliwa na Alexander Keiller, tajiri wa familia ya jemu za Dundee, katika miaka ya 1930. Enzi za kati wanakijiji walikuwa wameyazika. Chini ya moja, mwaka 1938, ilipatikana mifupa ya mwanamume pamoja na mkasi na sarafu za mwanzo wa karne ya 14. Vinguzo vidogo vya zege unavyovipita ni vya Keiller pia: kila kimoja ni jiwe lililopotea.

Yalipotelea wapi? Tazama kuta za nyumba. Katika karne ya 17 na 18 wenyeji waligundua namna ya kulivunja jiwe lisilovunjika. Walilichimbia, wakaliangusha shimoni juu ya majani makavu, wakawasha moto mkubwa, kisha wakamwaga maji baridi kwenye mstari waliotaka lipasuke, wakamalizia kwa nyundo nzito. William Stukeley, mtafiti wa mambo ya kale, alifika mara kwa mara kati ya 1719 na 1724 akachora na kuandika kila alichokiona kikiharibiwa, na mengi tunayoyajua kuhusu mpangilio wa zamani yametoka kwake.

Mwisho wa robo ya kaskazini-magharibi, ukingoni kabisa mwa barabara, kuna jiwe la umbo la almasi liitwalo Swindon Stone. Linakadiriwa kuwa na uzito wa tani 60, na halijawahi kuanguka. Robo ya kaskazini-mashariki ina mawe mawili ya Cove, moja likikadiriwa kufikia tani 100 kwa sababu sehemu kubwa yake iko ardhini. Kabla ya kuondoka simama juu ya tuta la kusini utazame chini kwenye handaki linalolizunguka duara. Unaloliona ni kina kilichobaki baada ya udongo kujijaza. Lilipochimbwa lilikuwa na kina cha mita 9 au zaidi, kwa pembe zilezile za kulungu.

Ukiwa na nguvu, fuata njia ya mawe ya West Kennet Avenue inayotoka upande wa kusini. Mawe yamepangwa wawiliwawili, mara nyingi moja jembamba refu likitazamana na pana la almasi. Baada ya kama mita 800 mawe yanaisha, geuka. Kuendelea hadi The Sanctuary ni kukanyaga kando ya barabara bila faida.

Kwenda kusini

Njia ni mbili. Ya kwanza inapita Devizes kisha A360. Ichague ikiwa Wiltshire Museum ya Devizes iko wazi siku hiyo, maana humo mna dhahabu ya kaburi la tuta la Bush Barrow, iliyochimbwa mwaka 1808 karibu kabisa na Stonehenge. Ya pili ni A345 kupitia Pewsey na Upavon, tulivu zaidi, nayo inakufikisha Woodhenge, mahali palipokuwa na duara la nguzo za miti, kabla ya Amesbury. Njia zote mbili zinapakana na eneo la mazoezi ya jeshi la Salisbury Plain. Bendera nyekundu ikipepea, kuna risasi za kweli. Usiingie hata kama ramani inaonyesha njia.

Woodhenge ni bure na inachukua nusu saa. Iligunduliwa mwaka 1925 kwa picha kutoka angani, na mwanaakiolojia Maud Cunnington akaichimba kuanzia 1926. Mahali pa nguzo za miti pamewekwa vizibo vya zege. Havina mvuto, tukubaliane, lakini vinaeleza jambo moja la maana: hawa walikuwa maseremala kabla ya kuwa waashi.

Stonehenge

Weka nafasi mtandaoni ukichagua saa ya kwanza ya asubuhi, kabla mabasi ya London hayajafika. Wanachama wa English Heritage na wa National Trust ya Uingereza hawalipi, ila nao waweke nafasi. Jengo la wageni liko kama kilomita 2.4 kutoka kwenye mawe, na kuna basi la kupeleka watu. Kwenda, tembea; kurudi, panda basi. Ukikata kupitia uwanda wa Cursus, mtaro maradufu wa karibu kilomita 3 ulio mzee kuliko mawe yenyewe, unayaona yakijitokeza polepole kwenye mteremko.

Handaki la duara lilichimbwa karibu mwaka 3000 KK, saseni zikasimamishwa karibu 2500 KK. Kwa msomaji wa Kenya: katika zama zilezile za handaki hilo, wafugaji wa magharibi ya Ziwa Turkana walikuwa wanajenga makaburi ya nguzo za mawe, na katika moja tu, Lothagam North, inakadiriwa walizikwa watu wasiopungua 580.

Sasa utumie ulichokikariri Lockeridge. Ngozi ya mabonde na vilima imeondolewa kwa kugongwagongwa na mawe mengine, hasa upande wa ndani. Tafuta nguzo ndefu kuliko zote iliyosimama peke yake, jiwe namba 56, iliyonyooshwa mwaka 1901. Kileleni ina kichwa kidogo kinachochomoza: huo ni ulimi, uliokuwa ukiingia kwenye tundu la linta, yaani jiwe la kulazwa juu ya nguzo, iliyokuwa juu yake. Linta za duara la nje zilishikana zenyewe kwa zenyewe, moja na ulimi wa wima, jirani yake na mfereji wa kuupokea. Jiwe halihitaji viungo vya namna hiyo, linakaa kwa uzito wake. Walijenga mawe kwa akili ya mbao. Beba darubini ndogo, kwa sababu kamba inakuweka mbali.

Mawe madogo ya ndani, ya tani 2 hadi 5, yalitoka milima ya Preseli, Wales, zaidi ya kilomita 200. Altar Stone, lenye tani 6 hivi na lililofunikwa na mengine, lilithibitishwa mwaka 2024 kuwa limetoka kaskazini-mashariki mwa Scotland, umbali wa kama kilomita 750.

Kuingia ndani ya duara kunawezekana kwa tiketi maalumu ya alfajiri au jioni, inayoisha miezi kabla. Kugusa ni marufuku hata hapo. Usiku wa kuamkia siku ndefu kuliko zote ya mwaka, mwezi wa Juni, unaingia bure, pamoja na maelfu ya watu. Ni sherehe nzuri, lakini kama umekuja kuona mawe, epuka juma hilo: barabara hufungwa na foleni haina mwisho. Asiyetaka kulipa anaweza kutembea kutoka Woodhenge, kama kilomita 4, na kutazama akiwa nje ya uzio kwenye njia ya umma.

Ukitoka, A303 ina njia moja kila upande hapo kwenye mawe, na kila dereva anapunguza mwendo kuchungulia. Ijumaa alasiri na wikendi za kiangazi usiipange bila kuongeza saa nzima. Mpango wa kuipitisha chini ya ardhi ulifutwa mwaka 2024.

Mwenye siku ya tatu aelekee Somerset. Stoney Littleton, karibu na kijiji cha Wellow, ni kaburi lenye ukumbi mrefu ambamo unatembea umeinama, na kwenye mwimo wa mlango kuna alama ya amonaiti kubwa, kiumbe wa kale wa baharini mwenye gamba la mzunguko. Kutoka hapo nenda Stanton Drew, kusini mwa Bristol, kwenye duara la upana wa mita 113. Mwaka 1997 vipimo vya sumaku vilionyesha chini yake pete tisa za mashimo ya nguzo za miti. Ni shamba la mtu, unatumbukiza pauni moja kwenye kisanduku getini, na kisanduku hakitoi chenji.